Mshale Uliotazama Mlangoni

Fundi Miguu hakuitwa hivyo kwa sababu ya miguu yake mwenyewe, maana hiyo ilikuwa mifupi na ya kawaida tu. Aliitwa hivyo kwa sababu kwenye gari hakugusa kitu kingine ila miguu: springi, shokapu, zile pete za kwenye maungio ziitwazo bushi, mikono ya chuma inayoshika magurudumu, na usukani unaoyaamrisha. Ukimpelekea habari za injini atakuambia nenda kwa wenye injini zao. Lakini ukiwa na gari la porini unataka linyanyuliwe, lipite juu ya mawe na madimbwi bila kukwaruza tumbo, hapo umefika. Miaka kumi na tisa alikuwa akinyanyua magari. Gereji nzima ilikuwa ikisema gari lililopita mikononi mwa Miguu, hata likianguka, litaangukia miguu kama paka.

Walikuwa wakisema. Tangu mwaka jana hakuna aliyethubutu kuurudia utani huo mbele yake, na sababu nitakueleza sasa hivi, usiwe na haraka.

Jumanne moja asubuhi aliingia mteja mpya, daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye mabuti ya mpira na mdomo usiojua likizo. Alikuja na gari jeupe la porini, refu, limenyanyuliwa, matope mpaka kwenye vioo. Akashuka, akaubamiza mlango, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Fundi, gari yangu ina jini."

"Jini wa aina gani, daktari?" Miguu akauliza huku akijifuta mikono.

"Jini wa kushoto. Nikienda taratibu anatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikifika themanini anashika usukani, na mimi nashika, tunagombana. Ukimkuta kwenye kona ya kulia ndiyo usiseme! Juzi nusura anitie kwenye zizi la watu, na mimi nilikuwa naenda kuwatibu ng'ombe, si kuwagonga."

Fundi umeme wa gereji ile, ambaye wote walimwita Waya, akainua kichwa kutoka kwenye betri aliyokuwa akiichokonoa. "Daktari mzima unashindwa na jini? Si umchome sindano?"

"Nimemchoma zote, ndugu yangu. Nimepeleka mara mbili kupimwa magurudumu, wanasema yametazamana vizuri. Sasa kama yametazamana vizuri, kwa nini hayasikilizani?"

Watu wakacheka. Miguu naye akacheka, maana alipenda mteja anayejua kueleza ugonjwa. Akauliza nani aliyelinyanyua gari. Daktari akasema hajui, alilinunua hivyo hivyo miezi sita iliyopita kwenye yadi ya magari, wakamwambia lilipata ajali ndogo, paa tu lilibonyea, likanyooshwa na kupigwa rangi mpya.

Miguu akaliingiza gari juu ya shimo la kufanyia kazi, akashuka ngazi na taa yake mkononi. Akaielekeza taa kwenye mguu wa kushoto wa mbele, akaacha kucheka.

Kila nati ilikuwa na mstari mdogo wa rangi ya waridi.

Hapa inabidi nikueleze desturi yake. Fundi mwangalifu akishakaza nati huichora mstari, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma, ili siku nati ikilegea mstari ukatike na aone. Mafundi wengine hutumia rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo. Miguu alitumia rangi ya kucha ya mkewe, ile ya waridi, kwa sababu haibanduki kwa mafuta wala maji, na mkewe alishachoka kugomba, akawa ananunua chupa mbili, moja ya vidole na moja ya magari. Hakukuwa na fundi mwingine aliyefanya hivyo. Na magari ya aina ile aliyoyafanyia kazi hiyo yote, alijua yako wapi. Alijua yote isipokuwa moja, na hilo lilikuwa la kijani.

Akapiga hatua mpaka chini ya mlango, akakwaruza kwa ukucha pale rangi nyeupe ilipoishia. Chini yake ilikuwa kijani.

Lilikuwa gari la kaka yake.

Kaka yake alikuwa dereva wa kukodiwa, akiwapeleka wapima ardhi huko kusikokuwa na barabara. Walizaliwa kwa tumbo moja, wakapishana miaka mitatu, na walipendana kwa kutaniana. Kaka akileta gari gerejini hakukaa kwenye benchi la wateja. Alitandika boksi, akalala chali chini ya gari bavuni mwa mdogo wake, akipiga soga huku mwenzake akifanya kazi. Mwaka jana alitaka gari linyanyuliwe, Miguu akalinyanyua: springi mpya, shokapu ndefu, bushi mpya, kila kitu. Wiki tatu baadaye gari likatoka barabarani kwenye mteremko, kwenye kona ya kulia, likaviringika mara mbili. Kaka hakufika hospitali.

Askari wakapima lami, hawakuona alama ya breki hata moja. Wakaandika: dereva alisinzia.

Na hilo neno, nakuambia, lilimwangukia mtu. Mke wa marehemu, shemeji yake Miguu, ni mshonaji mwenye cherehani yake sebuleni. Usiku wa kuamkia ajali alikuwa amegombana na mumewe mpaka alfajiri, akitaka aache safari za maporini. Mume aliondoka hajalala hata saa moja. Kwa hiyo walipoandika alisinzia, shemeji alijua ni nani aliyemnyima usingizi. Tangu siku hiyo hakukipanda tena kitanda chake. Alilala kwenye kiti, kando ya cherehani, nguo za watu zikiwa blanketi. Na hakuvumilia kumwona mtu amefumba macho mbele yake. Miguu alikuwa akienda kumjulia hali kila Jumamosi, na akichoka kidogo tu, kope zikishuka, alisikia akitikiswa bega: "Shemeji, usisinzie."

Sasa, kuna jambo Miguu hakumwambia shemeji wala mtu mwingine yeyote. Siku ya tano baada ya kulichukua gari, kaka yake alimpigia simu. "Mdogo wangu, inanivuta kidogo kushoto hii." Naye Miguu akajibu jibu ambalo mafundi wote wa springi hulijibu bila kufikiri: "Springi ngeni hizo, kaka. Ziache zikae."

"Zikae! Au zitanikalia mimi?"

Wakacheka wote wawili. Wiki ya tatu kaka akapiga tena, akasema bado inavuta, tena imezidi. Miguu akamwambia alete Ijumaa. Ajali ikawa Alhamisi.

Baada ya mazishi, ndugu walimwomba aende yadi ya polisi akaliangalie gari kabla halijauzwa. Akasema hawezi, akiona damu ataanguka. Wakamwonea huruma, na ukweli ni kwamba hakuogopa damu. Aliogopa miguu ya lile gari. Mwaka mzima alijiambia kaka alisinzia, askari wameandika, nani ajuaye kuliko askari? Na miguu ya gari ikapona ajali ile bila mkwaruzo, ikatembea mikononi mwa watu, ikarudi kwake yenyewe.

"Fundi, umemwona?" daktari akaita kutoka juu.

Miguu akafungua mdomo amwambie hana nafasi wiki hii, apeleke kwa fundi mwingine. Maneno yalishafika mdomoni.

"Maana Jumatatu naenda kuchanja mbuzi kule milimani," daktari akaendelea, "na kona za kule hazina mchezo. Ukisema nitafute mwingine niambie mapema."

"Liache," Miguu akasema.

Alasiri akalichukua kulijaribu. Waya akataka kuingia naye, akamkatalia. Akaenda barabara ya mchepuko nje ya mji, ambako kuna mteremko wenye kona ndefu ya kulia, na kando yake uwanja mpana wa changarawe ambao hata ukiteleza utakusamehe. Hamsini, gari lilitulia. Sitini na tano, akaanza kusikia kitu kwenye kiganja, mvuto mdogo, kama mtoto anayekuvuta kidole mpite dukani. Themanini, mtoto akawa mtu mzima.

Miguu alikuwa na mazoea ya majaribio: ukikata kona unahesabu kimoyomoyo, uone usukani unachukua muda gani kurudi katikati. Kwa hiyo alipoingia kwenye kona alikuwa tayari anahesabu. Gurudumu la kushoto likakanyaga kibonde.

Usukani ukamponyoka kuelekea kushoto. *Moja.* Akaudaka kwa mikono miwili, akavuta kulia, nao haukuja. *Mbili.* Akainuka kwenye kiti, bega zima likaingia kazini, meno yakauma ulimi. *Tatu.* Kava la usukani likamzungukia mkononi, na yeye akawa anapiga kelele asizozisikia. *Nne.* Changarawe zikapokea magurudumu, gari likayumba, likazunguka, likasimama limegeukia lilikotoka, vumbi limetanda kila mahali.

Alikaa. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya soksi. Kisha akafungua mlango, akatazama barabara aliyotokea, na alichokiona kilimtia baridi kuliko ule mvuto wenyewe. Lami ilikuwa safi. Hakukuwa na alama hata moja ya breki.

Hakuikanyaga! Fundi wa miaka kumi na tisa, mtu aliyekuwa macho kabisa mchana kweupe, hakuikanyaga breki. Mwili wake wote ulikuwa umehamia mikononi, mguu ukasahaulika.

"Kaka," akasema peke yake pale barabarani. "Hukulala wewe."

Akarudi kwenye gari. Kava la usukani lilikuwa limechanika na kuning'inia, lile la plastiki la daktari. Chini yake kulikuwa na jingine, la ngozi, limeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo midogo iliyonyooka kama foleni ya sisimizi. Kazi ya shemeji. Alimshonea mumewe zawadi siku gari lilipotoka gerejini. Ngozi yote ilikuwa mpya, isipokuwa upande wa kulia, pale dereva anapong'ang'ania gari likimvuta kushoto. Hapo ilikuwa imelika mpaka nyuzi zimekatika. Wiki mbili tatu za kuvutana. Kaka yake alikuwa ameandika malalamiko yake yote pale kwa kiganja, na mdogo wake akamwambia springi zitakaa.

Akalia. Sina sababu ya kukuficha. Alilia mpaka magari yakawa yanapunguza mwendo kumwangalia.

Kesho yake akalifumua gari. Alifanya kazi bila redio na bila neno. Alipolala chali juu ya boksi kufungua nati za waridi, mara mbili alijikuta amejisogeza pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake alale, na mara zote mbili boksi upande wa pili lilikuwa tupu. Mara ya tatu hakujisogeza. Akaliacha boksi lilivyo, akasema kwa sauti ndogo, "Kaa tu, tutamaliza wote," kisha akaona aibu, akaendelea.

Akatoa mikono yote miwili ya chini, wa kulia na wa kushoto, akaiweka juu ya meza ya kazi. Na hapo ndipo alipoona, hata kabla ya kuwasha taa.

Nikueleze kidogo, hata kama gari kwako ni la kupanda na kushuka tu. Gurudumu la mbele haliwi wima kabisa. Huegemea nyuma kidogo, kama mtu anayevuta kamba, na huko kuegemea ndiko kunakolifanya liende mbele moja kwa moja na usukani urudi wenyewe. Ukilinyanyua gari, magurudumu hupoteza ule mwegemeo. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huweka bushi maalumu kwenye mikono, tundu lake haliko katikati, ili kulirudisha gurudumu mahali pake. Bushi hiyo ina mshale kwenye ukingo wake, na mshale lazima utazame mbele ya gari. Ukiugeuza, badala ya kulitibu gurudumu unazidi kuliharibu. Ukigeuza wa upande mmoja tu, gurudumu moja linatii na jingine linaasi, gari linavutwa upande wa mwasi.

Wa kulia ulitazama mbele. Wa kushoto ulitazama nyuma.

Akaisogeza mikono ile mpaka ikakaa kama ilivyokaa siku ile ya kulinyanyua gari, sambamba, ncha zote kwake. Mishale yote miwili ikatazama mlango wa gereji. Mtu asiyejua angesifu: tazama inavyofanana! Lakini mkono wa kulia na wa kushoto wa gari ni kama viganja vyako. Viweke chali vyote viwili juu ya meza uone kama vidole gumba vitatazama upande mmoja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hufundishwa hilo. Miguu mwenyewe amewafundisha wanafunzi wangapi!

Akakumbuka yote. Siku ile kaka yake alikuwa amekaa juu ya kreti pale pale, akisimulia habari ya mpima ardhi aliyepima kilima kimoja mara tatu na kupata majibu matatu, mwisho akakilaumu kilima. "Akakiambia, wewe usicheze na mimi, simama vizuri!" Miguu alikuwa akisukuma bushi kwenye mashine huku akicheka mpaka machozi. Aliweka ya kwanza, mshale mlangoni. Akaweka ya pili, mshale mlangoni. Akazifunga, akazipaka rangi ya waridi. Nati zote zilikuwa zimekazwa barabara. Hakuna fundi aliyewahi kukaza kosa vizuri namna ile.

"Umemwona jini?" Waya aliuliza akipita na waya shingoni.

"Nimemwona."

"Anafananaje?"

"Anafanana na mimi," Miguu akasema, na Waya akaushusha ule waya shingoni, akaenda zake.

Akaikamua bushi ya kushoto. Iliganda, ikakataa, mashine ikalia, halafu ikaachia ghafla na kugonga bati mara mbili, ko, ko, kama kaka yake alivyokuwa akigonga boneti kabla ya kuwasha gari. Miguu akaiokota. Ilikuwa nzito kidogo, ya moto kwa msuguano. Hatua nne kutoka pale kulikuwa na pipa la vyuma chakavu, limejaa mamia ya bushi, na hakuna mahali pazuri pa kuficha bushi kuliko pale. Nani angejua? Askari walishaandika. Marehemu haamki. Daktari hana habari. Maji yakimwagika hayazoleki, wenye busara wamesema, na huo msemo umewafaa waoga wengi sana.

Alisimama mbele ya lile pipa mpaka Waya akamuuliza kama amepoteza kitu. Kisha akaitia bushi kwenye mfuko wa ovaroli.

Akaweka mpya, mkono mmoja mmoja, akiushika kwanza jinsi utakavyokaa chini ya gari, akiusoma mshale kwa kidole kama kipofu. Akarudisha kila kitu, akalishusha gari likasimama kwa uzito wake ndipo akakaza nati za mwisho, maana bushi inayokazwa ikining'inia huchanika mapema. Akapima, akarudi mchepuko. Themanini, tisini, akaachia usukani. Gari lilikwenda kama lililosoma dini. Kwenye kona usukani ulirudi wenyewe kabla hajafika mbili. Lingekwenda hivyo hivyo kwa kaka yake, na wazo hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko kosa lenyewe.

Ijumaa daktari alizunguka mtaa, akarudi anapiga honi kama bibi harusi. "Fundi! Umemtoa! Ulimfanyaje?"

"Bushi moja ilikuwa imewekwa kinyume."

"Kinyume! Nani aliyeweka?"

Miguu akatazama mikono yake. "Fundi mmoja."

"Basi ukimwona mwambie nusura aniue."

"Nitamwambia," Miguu akasema, na daktari akaondoka zake kwa mbuzi wake, mdomo ukiendelea kusifu hata dirisha lilipokuwa limeshafungwa. Miguu akabaki amesimama, akijidharau. Kama kwa mgeni ameshindwa, kwa shemeji itakuwaje?

Jumamosi mchana alifika kwa shemeji. Sebule ilikuwa ile ile: cherehani dirishani, vitambaa vimekunjwa kwa rangi, kiti chenye mto uliobonyea cha kulalia, na mlango wa chumbani uliofungwa. Shemeji akamwekea chai, akakaa kwenye cherehani, mguu ukakanyaga, sindano ikaanza mwendo.

"Umekonda," akasema. "Mkeo hakupi chakula, au anakupa rangi ya kucha?"

"Shemeji, acha kushona kidogo."

Mguu ukasimama. Miguu akatoa bushi mfukoni, akaiweka mezani kati ya vikombe. Shemeji akaitazama kama mtu anavyotazama kitu kilichookotwa na mtoto.

Akamweleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza upya. Akamwambia habari ya daktari, na mistari ya waridi, na simu mbili za kaka, na jibu alilolijibu. Akaweka viganja vyake chali juu ya meza amwonyeshe vidole gumba vinavyotazama huku na huku. Akamwambia aliweka mishale yote ielekee mlangoni, huku anacheka. Akamwambia breki: jinsi yeye mwenyewe alivyopigana na usukani na mguu usiikumbuke.

"Hakusinzia, shemeji. Askari walikosea. Wala si kwa sababu yako. Ni mimi. Mwaka mzima nimekunywa chai hapa, nakuona unalala kwenye kiti, na mimi ndani yangu najua kuna kitu, nanyamaza. Nifanye utakalo."

Shemeji akasogea mezani. Akaichukua bushi, akaugusa mshale kwa ncha ya kidole, kama anavyogusa mshono kuona kama umekaa.

"Hakusinzia," akasema.

"Hakusinzia."

"Si ule ugomvi wetu."

"Si ugomvi wenu. Alikuwa macho kabisa."

Shemeji akavuta pumzi ndefu, na Miguu akaona mabega yake yakishuka, mabega ambayo yalikuwa yamepanda mwaka mzima. Akafikiri: afadhali. Hata akinifukuza, afadhali. Lakini uso wa shemeji haukuwa umemaliza. Kitu kingine kilikuwa kinakuja, polepole.

"Alikuwa macho," shemeji akarudia, na safari hii haikuwa sauti ile ile. "Basi alijua."

Miguu hakulifikiria hilo. Siku tatu alikuwa akifikiria kosa lake, na hakulifikiria hilo hata kidogo.

"Nilijilaumu, ndiyo," shemeji akasema. "Lakini kila nikizidiwa nilikuwa na neno moja la kujifariji. Nilikuwa najiambia: aliyelala hajui kitu. Alifumba macho akiwa anatuwaza, hakuamka, hakuogopa. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo, shemeji." Akaiweka bushi mezani. "Ilichukua muda gani?"

"Shemeji, usiniulize hilo."

"Wewe si unajaribu magari kwa kuhesabu? Kaka yako alinisimulia, akikucheka. Ulihesabu ngapi?"

Angeweza kudanganya. Angesema moja, angesema hata hiyo moja haikufika, na nani angempinga? Lakini alikuwa ameshadanganya kwa kunyamaza mwaka mzima, na jana tena.

"Nne," akasema.

Shemeji akatazama dirishani. "Moja," akasema, polepole. "Mbili." Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukaenda ukarudi. "Tatu." Miguu akashika ukingo wa meza. "Nne."



"Ni ndefu," shemeji akasema.

"Ni ndefu sana."

"Kukusamehe sijui kama nitaweza. Leo siwezi. Kunywa chai yako, inapoa."

Akainuka. Akaenda kwenye mlango wa chumbani, akaufungua, bawaba zikalia kwa kukaa sana bila kufunguliwa. Miguu akasikia kitanda kikipokea uzito wa mtu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Halafu akasikia sauti yake, ndogo, isiyo na machozi, ikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Ikanyamaza kidogo. Moja, mbili, tatu, nne.

Fundi Miguu akabaki sebuleni, bushi mbele yake, chai imeshika utando. Mchana ulikuwa na joto la kulaza mtu, na safari hii hakukuwa na wa kumwambia asisinzie. Alikaa macho wazi mpaka jioni, viganja vyake vimelala chali mezani.